Daftari langu la sukari limejaa uongo

Shikamoo Mama Mdogo,

Nina miaka 23, nasoma mwaka wa tatu chuo hapa Dar es Salaam, kwetu ni Muheza. Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa kidato cha pili, nikiwa na miaka 14. Nilikuwa bweni. Nikawa nakunywa maji kama ng'ombe, usiku naenda chooni mara tano sita, sketi inanivuka. Matroni akadhani nina mimba, nyumbani wakadhani nimechezewa. Mpaka nilipozimia ndipo nikapelekwa hospitali. Nililala siku nne, nikatoka na kichupa cha insulini na mabomba ya sindano. Toka hapo nachoma mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ile ya mchanganyiko.

Ninalokuandikia ni hili. Daftari langu la sukari ni la uongo. Kliniki ni kila baada ya miezi miwili, na usiku wa kuamkia kliniki nakaa kitandani na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, najaza. Sita nukta nane. Saba nukta moja. Hapa na pale natia kumi na moja ili isionekane nimetunga. Nakunja hata kona za kurasa lionekane limetumika.

Si kwamba nilikuwa sipimi kabisa. Nilipima, ila nikiona 16 au 19 moyo unanilipuka kama nimeona matokeo ya mtihani niliofeli, basi siandiki. Baadaye nikaogopa hata kupima. Stripu za kupimia zenyewe ghali, nikajiambia ya nini nipoteze stripu kuangalia kitu ninachokijua.

Mara ya mwisho wakanitoa damu ya kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c. Ikaja 11.4. Nesi akalinyanyua daftari langu juu, benchi zima linatazama, akasema, "Huyu hapa msomi wa chuo. Daftari linasema saba, damu inasema kumi na moja. Nani mwongo?" Watu wakacheka. Pembeni yangu alikuwepo mtoto wa miaka tisa hivi na bibi yake. Asubuhi tukiwa kwenye foleni alikuwa amenionyesha daftari lake, lina 17.4, akasema anaogopa kugombezwa. Nikamwambia, "Afadhali wewe umeandika, daktari atajua pa kukusaidia." Yule mtoto alinitazama muda wote nesi anaposema. Sijarudi kliniki tangu siku ile. Insulini nanunua duka la dawa, na pesa ikikata napunguza yuniti.

Chuoni anayejua ni mmoja. Mwaka jana mfanya usafi aliokota sindano kwenye ndoo ya choo, ikavuma kwamba ghorofa yetu kuna teja. Nikanyamaza. Ramadhani iliyopita wenzangu wote chumbani wamefunga, mimi nakula mkate mkavu nimejifungia chooni kama mwizi. Nikachoka, nikaamua kufunga kimya kimya. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, nikaanguka ngazini. Mmoja akakuta mashine ya kupimia sukari kwenye mkoba wangu akaelewa, akanipa soda. Nililia, sijui nililia funga iliyovunjika au nililia kujulikana.

Mama anapiga simu kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi: "Imesoma ngapi?" Namwambia saba. Anasema "Alhamdulillahi" kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Siku za karibuni kuna jioni naacha kuchoma. Si kwamba nataka kufa. Nimechoka tu, nataka usiku mmoja niwe mtu wa kawaida. Asubuhi najichukia, najiita mzembe, mtu wa kuwatia wazazi hasara. Huyo rafiki yangu anasema eti nijihurumie. Mama Mdogo, nijihurumie vipi na mimi ndiye ninayejiharibu?

Mwenye Kalamu Mbili,
Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Sindano ya jioni usiiache tena, wala usipunguze yuniti ili kichupa kifike mwisho wa mwezi. Kisukari chako si kile cha wazee wetu wengi wanaomeza vidonge. Kinga ya mwili wako ilizishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na hazikurudi. Usipoipata ya sindano, mwili unaanza kuunguza mafuta, damu inajaa asidi, na kutoka "nimechoka tu" hadi wodi ya dharura inaweza kuwa safari ya siku moja. Sukari ikiwa juu halafu unatapika, tumbo linauma, unahema haraka haraka, au mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza, usilale ukisubiri kukuche. Amsha mtu mwende hospitali usiku huohuo.

Umesema hutaki kufa, nami nimekuamini. Lakini ungekuwa umekaa mbele yangu ningekuuliza: ikija siku ukaona heri usiwepo, utamgongea nani mlango? Mtafute mtu huyo leo, umwambie kwa mdomo wako, "Wewe ndiye nitakayekugongea." Nadhani tayari unamjua. Ni yule wa soda.

Haya, sasa tukae.

Nimekuwa nesi miaka 31, na 12 ya mwisho nilikuwa kwenye meza ya kliniki ya kisukari. Yule nesi aliyelinyanyua daftari lako namjua vizuri, kwa sababu nimewahi kuwa yeye. Si siku hiyo wala hospitali hiyo, lakini benchi lilikuwa hilohilo na kicheko hichohicho. Alikuja kijana wa makamo yako na daftari safi, saba, sita, saba, nane. Nikamsomea mbele za watu, kwa sauti, na nikaona nimefanya kazi nzuri, maana sisi tulikuzwa tukiamini kwamba mgonjwa asiyeogopa hafuati masharti. Yule kijana hakurudi. Hadi leo nikipita Kariakoo nikaona mtu wa kimo kile, bega moja limeshuka kidogo, naangalia mara mbili.

Nikuibie siri ya meza ile. Daftari la uongo tunalijua hata kabla ya majibu ya maabara, na wala si kwa rangi ya kalamu. Daftari la kweli lina damu. Mtu ametoboa kidole, amegusisha tone kwenye stripu, amechukua kalamu kwa mkono huohuo, basi kurasa zinakuwa na vidoa vya kahawia kama zimepitiwa na mende. Lako bila shaka ni safi kama cheti cha ndoa. Na hauko peke yako. Kati ya vijana waliopita mezani kwangu, waliokuwa hawajawahi kutunga hata siku moja nadhani ni wachache kuliko waliotunga. Wengine walijazia kwenye daladala, namba zinarukaruka na matuta ya barabara.

Baada ya yule kijana nilibadilisha jambo moja tu. Mtu akinifungulia daftari lenye 18, neno langu la kwanza likawa "asante kwa kuandika". Yaliyobaki tunayazungumza baadaye. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini ya kazi kulifikia neno hilo. Wewe ulimpa mtoto wa watu neno hilohilo asubuhi, kwenye foleni, bila kufundishwa na mtu, huku daftari la kutunga limo mkobani mwako. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nasimama hapo.

Sasa neno la rafiki yako. Ni neno zuri lenye bahati mbaya, kwa sababu kwa Kiswahili chetu kujihurumia kunanuka uvivu. Tunamwona mtu amekaa barazani anahesabu misiba yake na chai inapoa. Ndiyo maana umeuliza kwa ukali, na una haki. Wanasaikolojia wana maana nyingine. Mmoja wao, Kristin Neff wa Marekani, amekuwa akiandika juu ya jambo hili tangu 2003, na ukimsikiliza vizuri anaeleza kile anachofanya jirani mwema msibani: haongezi lawama, hasemi limekupata wewe peke yako, na wala hajifanyi kwamba hakuna kilichotokea. Analiona lilivyo, halafu anauliza maji yako wapi achemshe chai. Hayo matatu unajifanyia mwenyewe. Hapo katikati hamna ruhusa ya kuacha sindano. Jirani mwema ndiye atakayekushikia kichupa uchome.

Najua utasema maneno matamu hayashushi sukari. Hata mimi nilisema. Kule Auckland, New Zealand, watafiti waliwachukua watu 63 wenye kisukari, wa aina ya kwanza na ya pili, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likafundishwa kwa wiki 8 namna ya kujitendea kwa wema, lingine likasubiri zamu yake huku likiendelea na matibabu kama kawaida. Majibu yakachapishwa 2016. Waliofundishwa walipungukiwa na sonona na ule msongo wa kisukari wenyewe, na miezi mitatu baada ya mafunzo ile HbA1c, hiyohiyo iliyokuaibisha, ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia moja, tuseme kutoka 9 hadi 8. Watu 63 si wengi, sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Ila mimi niliyekaa mezani sikushangaa. Anayejiogopa hapimi, na sukari isiyopimwa hata daktari bingwa haiwezi.

Kuna jambo kuhusu hiyo 11.4 ambalo hukuambiwa. Saba ya mashine na kumi na moja ya HbA1c si vitu vya kulinganishwa ana kwa ana. Mashine inasoma sukari ya dakika ile. HbA1c ni asilimia ya hemoglobini, ile protini ya ndani ya chembe nyekundu za damu, iliyoshikana na sukari katika miezi miwili mitatu. 11.4 maana yake wastani wako kwenye mashine ulikuwa 15 na ushei. Kwa hiyo mwenzangu alipouliza "nani mwongo" alikuwa anapima kitambaa kwa kilo. Namtetea kidogo: mna foleni ya watu 80 na nesi wawili. Lakini alikosea, na kosa lile lisikufukuze wewe kwenye dawa yako.

Tena hiyo 15 haikusema wewe ni mzembe. Inawezekana sehemu yake kubwa ni zile jioni ulizoacha, sitakuficha. Inawezekana pia imo mikono mingine. Unachoma wapi? Nabahatisha: tumboni, upande uleule, kwa sababu chooni huna nafasi ya kuvua zaidi. Pitisha vidole taratibu. Ukikuta pamevimba, laini au pagumu kama andazi dogo chini ya ngozi, insulini ukiichoma hapo inafyonzwa inavyotaka yenyewe, leo nusu, kesho yote. Hama sehemu, lakini usihame kabla hujaongea na kliniki kuhusu dozi, maana kwenye ngozi nzima dawa itafanya kazi kweli na sukari inaweza kushuka ghafla. Kichupa chako cha mchanganyiko unakivingirisha kati ya viganja kabla ya kuvuta, mara kumi na kuendelea, mpaka kiwe cheupe sawasawa kama maziwa? Kinakaa wapi joto la Dar likipanda? Ambacho hakijafunguliwa kinataka friji, nyuzi 2 hadi 8, kisigande. Kilichofunguliwa huvumilia chumbani wiki nne pasipo joto kali. Kama bweni halina friji, chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati kimewasaidia wengi kuanzia Mbeya hadi Mtwara. Bado sijataja siku za kabla ya hedhi, ambapo kwa wanawake wengi insulini inakuwa nzito kufanya kazi, wala mitihani, maana mwili wenye hofu unamwaga sukari kwenye damu hata kama hujala kitu. Namba moja ina wazazi wengi, na wewe umejisajili kama mzazi peke yako.

Ulikuwa na miaka 14, si ndiyo? Mtu wa kwanza duniani kutibiwa kwa insulini naye alikuwa na 14. Leonard Thompson, Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa wako alilishwa kidogo sana, kwa makusudi, ili asogee miezi michache, akabaki mifupa. Sindano ya kwanza waliyomchoma Leonard haikufaa. Dawa ilikuwa chafu, sukari ilishuka kidogo tu na alipochomwa pakafanya jipu. Madaktari hawakumwambia kijana hajitahidi. Walirudi maabara, James Collip akaisafisha dawa, na baada ya siku 12 wakamchoma tena. Safari hii sukari ilishuka kweli, akaishi miaka 13 zaidi. Nakukumbusha kwa sababu umesahau ni kitu gani kinachopaswa kurekebishwa namba isipokaa vizuri. Rudi kwenye dozi, kwenye ngozi, kwenye kichupa, kwenye ratiba. Kijana mwenyewe mwache.

Uchovu wako nao una jina na umepimwa. Mwaka 1995 huko Boston William Polonsky na wenzake walitunga dodoso la maswali 20 kwa ajili ya watu wenye kisukari, na ndani yake linaulizwa hili hasa: umechoshwa na jitihada zisizoisha? Unajiona mwenye hatia ukitoka kwenye mstari? Mtu anatunga maswali hayo kwa sababu wagonjwa wengi sana wamemlilia hivyo. Huu msongo wa kisukari si lazima uwe sonona, ila vinafahamiana. Zikipita wiki mbili na karibu kila siku huna raha na kitu chochote, hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakina ladha, basi mwambie daktari neno lenyewe: "Nadhani nina sonona." Usimwambie "nimechoka", atakuandikia vitamini.

Ramadhani. Mimi si mwanachuoni, ni nesi mstaafu, masuala ya fidia utamuuliza shekhe na uende na maelezo ya daktari mkononi. Lakini aya unaijua, ni Al-Baqara 184 na inayofuata: mgonjwa ameruhusiwa kula, na Mola amesema anatutakia wepesi. Na kuna hadithi ya Salman alipomtembelea Abu Dardai, akamkuta anafunga na kusimama usiku kucha mpaka mkewe amekata tamaa. Salman akamlazimisha kula, akamlazimisha kulala, akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako. Mtume aliposikia akasema Salman kasema kweli. Ile ilikuwa funga ya hiari, tena mtu mzima wa afya. Wewe kongosho halifanyi kazi, na unakula ukiwa umesimama chooni kama mwizi wa nini? Kula kitandani kwako. Anayefunga kwa ajili ya Mungu hatavunjika moyo kwa kuona mkate.

Kwa hiyo mwambie yule wa soda, na mwingine mmoja. Sukari ikishuka chini ya 4, unatetemeka, jasho linakutoka, unaongea ovyo: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu kikombe cha soda isiyo ya dayati, kisha dakika 15, upime tena. Ukiwa umezimia wasikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali. Waonyeshe siku ya utulivu, usingoje ngazi ya pili. Sindano zilizotumika tia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa ipeleke kliniki. Na mlezi wa bweni mpe barua ya daktari. Uvumi wa teja ulistawi kwa sababu hakuna aliyekuwa na maelezo mengine.

Mama ndiye mgumu kuliko wote, wala sitakudanganya kwamba atapokea vizuri. Alikuona umelala siku nne huna fahamu vizuri na miaka 14. Kila saa kumi na mbili na nusu anaulizia kama bado yupo na mtoto, ila neno alilopewa hospitalini la kuulizia ni "imesoma ngapi". Mwambie hivi, jioni, asije akaenda shamba na mawazo: "Mama, nimekuwa nakudanganya namba kwa kuogopa kukuumiza. Sukari imekuwa juu. Narudi kliniki. Naomba asubuhi uniulize nimeamkaje, namba nitakusomea kila Jumapili, zote." Atalia, au atafoka kwanza halafu alie. Usijitetee. Jumapili msomee kweli, hata kama ni 15, na ukimsikia amenyamaza, mwambie ndiyo kwanza mnaanza.

Kliniki. Wiki hii, siku tatu tu, andika kila unachopima. Usibadilishe chakula ili kupendeza daftari. Kama stripu ni chache, pima kabla ya kuchoma asubuhi na jioni, na pembeni ya namba tia maneno mawili matatu: "mtihani", "chips mayai", "sikulala", "nilisahau kuvingirisha". Ukiona namba kubwa na ile sauti ikaanza kukuita mzembe, usishindane nayo, sema kwa mdomo kabisa yale uliyomwambia mtoto wa foleni. Utaona aibu kuongea peke yako. Ongea. Neno "mbaya" liondoe, sukari ni ya juu au ya chini.

Nenda mapema kabla benchi halijajaa. Usisubiri uulizwe. Karatasi ndogo mpe nesi, imeandikwa: "Kurasa za nyuma si za kweli. Hizi tatu ni za kweli. Nimekuwa naacha sindano za jioni. Nahitaji msaada, naomba tuongee ndani." Nimepokea karatasi kama hizo mbili katika kazi yangu yote, na siwezi kukueleza zinavyomnyamazisha mtu mwenye mdomo. Kama ni yuleyule na akarudia, omba nesi mwingine au daktari, au uhamie kliniki nyingine. Kuhama si utovu wa adabu. Usikubali tu kukaa bila kliniki, kwa sababu kuna jambo jingine: una miaka 23, na miradi inayowapa vijana insulini na stripu bure mara nyingi hukoma ukifika miaka 25 hivi. Uliza kama umesajiliwa, na uliza sasa hivi nini kinafuata baada ya hapo, bima ya afya ama vinginevyo, kabla hujajikuta nje umeshika kichupa cha mwisho. Ulizia pia kama kuna kikundi cha vijana wenzako. Hapo utawakuta wengine wenye kalamu mbili.

Na yule mtoto wa 17.4, kama siku zenu bado zinaangukiana, kaa naye. Mfungulie kurasa zako tatu, na vidoa vyake. Ile kalamu nyeusi peleka darasani, ya bluu inatosha.

Mama Mdogo